Afya ya Kijiji ni Kazi ya Watu Wote
(Somo la walimu na wazee wa sharika)

Mnakumbuka habari ya mtu mwenye kupooza katika Injili ya Marko, sura ya 2. Watu wanne walimchukua. Kama angalikuwa na rafiki mmoja tu, asingalifika. Mwezi huu tujifunze neno hilo katika mambo ya afya: ya kuwa mganga wa hospitali, hata akiwa hodari namna gani, hawezi peke yake kuwapa watu wote afya. Na walio maskini zaidi ndio atakaowakosa kwanza.

1. Swali lililoulizwa Tübingen

Mwezi wa Mei 1964 wajumbe walioitwa na Fungamano la Kilutheri na Baraza la Makanisa Ulimwenguni walikutana katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Wakati ule misheni zilikuwa zimekwisha kujenga hospitali nyingi katika Afrika na Asia, na wagonjwa wengi walipona humo. Walakini wajumbe waliuliza: Kazi ya kuponya ni ya nani? Wakajibu ya kuwa si ya waganga na wauguzi peke yao, bali ni ya usharika wote.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha neno la kuhuzunisha. Sehemu kubwa ya fedha na nguvu za hospitali za misheni ilitumika kwa kuwatibu wale walioweza kufika. Asiye na nauli hakufika. Tena mtoto alitibiwa ugonjwa wa kuhara, akarudi nyumbani kunywa maji yale yale, akaugua tena. Basi, mwaka 1968 Baraza likaunda Tume ya Kikristo ya Utabibu, ili makanisa yatafute njia nyingine.

2. Habari ya Jamkhed

Njia hiyo ilionekana wazi huko Jamkhed, katika jimbo la Maharashtra, Bara Hindi. Mwaka 1970 waganga wawili Wakristo, mume na mke, Rajanikant na Mabelle Arole, walikwenda kukaa huko. Nchi ilikuwa kavu na watu wake maskini. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 176 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja; ndiyo hesabu ya mwaka 1971.

Kwanza waliwapeleka wauguzi vijijini, lakini kazi haikuendelea, kwa sababu wauguzi walikuwa wageni, na wanakijiji hawakuwaamini. Ndipo vijiji vilipoombwa kuchagua kila kimoja mwanamke wake mwenyewe. Wengi wa waliochaguliwa hawakujua kusoma. Wengine walikuwa Wadalit, watu ambao zamani waliitwa wasioguswa. Kila juma walikuja Jamkhed kufundishwa, wakala pamoja na kulala pamoja, wa juu na wa chini, jambo lililokuwa gumu sana katika nchi ile. Walijifunza kumpima mtoto uzito, kumtunza mwenye mimba, kuzalisha kwa wembe safi, na kuwatambua wenye ukoma na kifua kikuu. Kisha walirudi kuwafundisha jirani zao.

Wanaume nao walifanya vyama vya wakulima, wakachimba visima, wakapanda miti, wakazuia maji ya mvua yasichukue udongo. Angalieni jambo hili: Wadalit walikuwa wamekatazwa kuteka maji katika visima vya wenye cheo. Basi, visima vipya vya bomba vilitobolewa katika mitaa ya Wadalit. Kila aliyetaka maji safi ilimpasa aende kwao. Maji yakapunguza magonjwa, na dharau nayo ikaanza kupungua.

Mwaka 1976 vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimeshuka kutoka 176 hata 52 katika 1,000. Shirika la Afya Duniani lilieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Na mwaka 1978 wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, mji unaoitwa sasa Almaty, katika Kazakhstan, wakakubali ya kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga mambo ya afya yao.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusidharau hospitali. Jamkhed pia wanayo, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua hupelekwa huko upesi. Lakini hospitali bila kijiji ni kama kufuta maji sakafuni, huku paa linavuja.

Pili, ushirika wa kweli una gharama. Waganga ilibidi wakubali kuwa mwanamke asiyesoma anajua mambo wasiyoyajua wao. Wenye cheo ilibidi wangoje zamu yao kisimani nyuma ya waliowadharau. Asiyetaka kulipa gharama hiyo, anataka msaada wa watu tu, wala hataki kushirikiana nao.

Tatu, tusihesabu kijiji kizima tu. Tuhesabu na nyumba ya mwisho. Huenda tukasema, "Usharika wetu una afya njema," kumbe nyumba zilizo karibu na barabara ndizo zenye afya, na mjane aliye ng'ambo ya mto amezika watoto wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini na kidole kidogo kimo katika mkono.

Nanyi walimu, msiseme, "Sisi si waganga." Mnazijua nyumba zote, na ninyi huitwa penye msiba. Mkifuatana na mhudumu wa afya wa kijiji, yeye atajua nyumba asizozijua, nanyi mtajua maneno ya afya msiyoyajua.

Maswali ya kuzungumza katika wazee wa usharika:

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi ambazo mhudumu wa afya hajafika mwaka huu? Kwa nini?
2. Maji yetu yako karibu na nani, na mbali na nani?
3. Tulipochagua watu wa kusimamia kisima au zahanati, je, tulimwita hata mmoja katika walio maskini zaidi?
4. Nani atakwenda, na siku gani?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno matupu. Andikeni jina na siku.