Kulinganisha Utendaji wa Jeni za Mbu wa Malaria: Somo la Sayansi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Isaka, au katika vijiji vinavyoelekea kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, atakutana na swali moja mara tu atakapoanza mada ya malaria. Mtoto atanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mbona mbu wanatua juu ya chandarua chenye dawa na hawafi?"

Jibu lililoenea ni kwamba mbu "wameizoea" dawa. Jibu hilo ni fupi lakini si sahihi, na lina madhara. Mtoto akilipeleka nyumbani, wazazi watahitimisha kuwa chandarua hakina kazi tena, nacho kitaishia kuzungushiwa kitalu cha mboga. Makala haya yanakusudia kumpa mwalimu maarifa ya kulijibu swali hilo kwa ukweli, pamoja na njia moja ya kulifundisha kwa zana zinazopatikana katika kila nyumba ya Usukumani.

Mbu gani?

Kwanza yatupasa kuacha kusema "mbu" kana kwamba ni mdudu mmoja. Mwenye kueneza malaria ni mbu jike wa jenasi ya Anofelesi, na ndani ya jenasi hiyo zimo spishi nyingi. Zilizo muhimu kwetu ni tatu. Anopheles gambiae hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vyenye jua, kama vile nyayo za ng'ombe na mitaro inayochimbwa na magurudumu ya malori, na malori Isaka si haba tangu ilipokuwa bandari kavu. Anopheles arabiensis huvumilia nchi kavu kuliko mwenzake, huuma nje ya nyumba, tena hunywa damu ya ng'ombe kwa urahisi. Anopheles funestus hupendelea maji yanayodumu yenye majani, mfano wa kingo za malambo na mabwawa. Hivyo mvua zikikatika, yeye bado yupo.

Mbu wawili wa kwanza hawatofautishiki kwa macho, hata kwa hadubini. Kabla ya miaka ya 1960 wataalamu waliwahesabu kuwa spishi moja. Ni majaribio ya kuwapandisha yaliyofichua siri hiyo: watoto wa kiume waliozaliwa walikuwa tasa.

Muhtasari mmoja, ratiba mbili

Mwaka 2002 wanasayansi walichapisha maandishi yote ya urithi ya Anopheles gambiae, yenye jeni zaidi ya 12,000. Mwaka 2015 yakachapishwa ya spishi 16 nyingine za Anofelesi, wakiwamo arabiensis na funestus. Kwa sehemu kubwa jeni za spishi hizi zinafanana. Basi tofauti zao za tabia zinatoka wapi?

Hapa mwalimu anaweza kutumia mfano anaoufahamu vyema. Shule mbili zinaweza kuwa na muhtasari mmoja wa masomo, lakini ratiba zikatofautiana: shule moja ikafundisha kilimo vipindi sita kwa juma, nyingine kipindi kimoja. Jeni ni kama muhtasari, na utendaji wa jeni ni kama ratiba. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala zake ziitwazo RNA, na kwa kufuata nakala hizo seli hutengeneza protini. Mtafiti anayetaka kujua jeni ipi inafanya kazi kwa bidii huzihesabu nakala. (Mfano huu una mpaka wake. Ndani ya seli hakuna mwalimu mkuu anayepanga ratiba kwa makusudi, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.)

Chukua suala la harufu. Yuko ndugu wa karibu wa gambiae aitwaye Anopheles quadriannulatus, ambaye hupendelea ng'ombe na hana umuhimu katika kueneza malaria. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walilinganisha utendaji wa jeni katika papasi za majike wa spishi hizi mbili. Jeni nyingi za kunusa zilikuwamo kwa wote wawili, lakini viwango vya utendaji vilitofautiana. Huenda, basi, upendeleo wa binadamu dhidi ya ng'ombe unatokana kwa sehemu na wingi wa nakala, wala si lazima pawe na jeni mpya kabisa.

Suala la pili ndilo linalogusa swali la mtoto wetu. Vyandarua vingi hutiwa dawa zilizoigwa kutoka kwenye ua la pareto, ziitwazo pairethroidi. Mbu wote wana jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu mwilini. Katika Anopheles funestus sugu wa Msumbiji na Malawi imeonekana kwamba jeni ziitwazo CYP6P9a na CYP6P9b hufanya kazi kupita kiasi, na dawa huvunjwa kabla haijaua. Kwa gambiae wa Afrika Magharibi jeni zilizotajwa zaidi ni nyingine, CYP6M2 na CYP6P3. Isitoshe, gambiae wengi wana badiliko katika jeni ya mishipa ya fahamu, pale pale inaposhika dawa. Hilo ni badiliko la maandishi yenyewe, wala halihusu wingi wa nakala. Kwa hiyo spishi mbili zinaweza kuokoka na sumu ile ile kwa njia tofauti, na anayepanga mapambano bila kujua ni spishi ipi iliyo kijijini anapiga gizani.

Karibu na kwetu, katika Wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, ambako funestus ndiye mwenezaji mkuu, yalifanyika majaribio ya vyandarua vya aina mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, watoto 45.8 kwa kila 100 waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya pairethroidi pekee walikutwa na malaria. Katika maeneo ya vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klofenapiri walikuwa 25.6. Dawa hii ya pili ina hila ya kupendeza: inapoingia mwilini mwa mbu bado si kali, na ni vimeng'enya vya jamii ile ile inayovunja pairethroidi vinavyoigeuza kuwa sumu. Silaha ya mbu inamgeukia mwenyewe. Nadhani hakuna mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanachuo kwa nini elimu ya utendaji wa jeni si anasa ya maabara.

Namna ya kufundisha

Maneno RNA na CYP6P9a ni ya mwalimu, si ya mtoto wa Darasa la Sita. Mtoto anahitaji kushika mambo mawili tu: kwamba viumbe hutofautiana katika kiasi cha kutumia maelekezo waliyorithi, na kwamba kulinganisha kuna kanuni zake.

Tayarisha vibuyu viwili. Katika Kibuyu A tia punje 40: maharage 20, choroko 8, dengu 12. Katika Kibuyu B tia punje 96: maharage 24, choroko 24, dengu 48. Kila kibuyu ni mbu, kila punje ni nakala moja. Maharage ni nakala za jeni ya kuvunja sumu, choroko za jeni ya kunusa, dengu za kazi nyinginezo. Waeleze wanafunzi kwamba hesabu hizi zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Kisha wagawe katika vikundi, wahesabu, na uulize: mbu yupi anaitumia zaidi jeni ya kuvunja sumu?

Karibu vikundi vyote vitajibu B, kwa kuwa 24 ni zaidi ya 20. Usiwasahihishe upesi. Waulize kila kibuyu kina punje ngapi kwa jumla, kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili hapa una thamani kuliko maelezo ya robo saa. Atatokea mmoja atakayegundua kwamba 20 kati ya 40 ni nusu, na 24 kati ya 96 ni robo. Mbu A anaitumia jeni hiyo mara mbili ya B. Hapo somo la sayansi na la hesabu yamekutana, na mwalimu wa sehemu na asilimia atakushukuru.

Zoezi la pili ni la mjadala. Tuseme Mbu A alinyweshwa damu jana na Mbu B hajala. Je, ulinganisho wetu ni wa haki? La, kwa sababu mlo wa damu hubadili utendaji wa jeni nyingi za mbu jike. Umri nao hubadili. Wanafunzi wataje wenyewe mambo yanayopaswa kuwa sawa kabla ya kulinganisha. Wafugaji wadogo darasani watatoa mifano mizuri ya kulinganisha maziwa ya ng'ombe wawili.

Sasa rudi kwenye swali la chandarua. Weka vibuyu kumi mezani, viwili vyenye maharage mengi na vinane vyenye machache. Tangaza kwamba dawa imepita, uondoe vile vinane. Viwili vilivyobaki "vizae" vibuyu vinavyofanana navyo. Baada ya vizazi vitatu meza itajaa maharage, ingawa hakuna kibuyu hata kimoja kilichojifunza wala kuzoea chochote. Wanafunzi wenyewe watasahihisha neno "wamezoea".

Usimalize kipindi bila kueleza kwamba chandarua kisichotoboka humzuia hata mbu sugu kumfikia aliyelala, kwa kuwa uzi haumwulizi mbu jeni zake.

Kwa upimaji, swali moja linatosha: "Mbu mmoja dhaifu akinusurika na kukaa karibu na dawa mwezi mzima, je, atakuwa sugu?" Anayejibu ndiyo arudishwe kwenye meza ya vibuyu, aoneshe ni kibuyu kipi kiliongezewa maharage. Baada ya kipindi punje zirudishwe kwa wenyewe, na maharage yaoshwe kabla ya kupikwa, maana yatakuwa yamepita mikononi mwa darasa zima.