Kwa nini wakubwa wa dunia hukutana Riyadh?

Tarehe 18 Februari 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani na Urusi walikaa meza moja mjini Riyadh kuzungumzia vita vya Ukraine. Zamani mikutano ya aina hiyo ilipelekwa Geneva, Vienna au Helsinki. Safari hii mwenyeji alikuwa Saudi Arabia, ufalme uliotangazwa mwaka 1932. Watu wengi wanauliza nchi hiyo imepata wapi uwezo wa kuwakalisha wakubwa kitako, na sisi wa Afrika Mashariki yanatuhusu nini.

Nguvu yake ni mafuta tu?

Mafuta ndiyo msingi, lakini si wingi wake peke yake. Marekani huchimba mengi zaidi. Tofauti ni kwamba Saudi Arabia huacha kwa makusudi sehemu ya uwezo wake wa kuchimba bila kuutumia, na ikiamua inaweza kuingiza sokoni mapipa ya ziada kwa muda mfupi. Kampuni za Marekani ni za watu binafsi, huchimba kadiri soko linavyolipa, na hakuna rais anayeziamuru. Kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, Aramco, iko mikononi mwa serikali. Uamuzi wa watu wachache Riyadh, basi, unaweza kupandisha au kushusha bei ya pipa dunia nzima. Ongeza juu yake Makka na Madina, zinazoupa ufalme heshima ambayo pesa hazinunui.

Urafiki na Marekani ulianzaje?

Ulianza rasmi baharini. Mwezi Februari 1945 Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia alipanda manowari ya Kimarekani Jeddah akiwa na msafara wake na kondoo wa kuchinja. Alikataa chumba cha ndani, akalala kwenye hema lililopigwa juu ya sitaha. Tarehe 14 alikutana na Rais Roosevelt wa Marekani ndani ya meli Quincy, kwenye ziwa lililo katika njia ya Mfereji wa Suez. Roosevelt alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, lakini hakuvuta mbele ya mgeni wake. Mfalme alipolalamika kuhusu miguu yake, rais akampa kiti chake kimoja cha magurudumu. Siku chache baadaye mfalme alikutana na Waziri Mkuu wa Uingereza, Churchill, ambaye alivuta na kunywa mbele yake bila kujizuia. Waingereza walikuwa na nguvu eneo hilo kwa muda mrefu, lakini adabu ya Mmarekani ilimvutia mfalme zaidi.

Watu husema siku ile walibadilishana mafuta kwa ulinzi. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba suala lililochukua nafasi kubwa lilikuwa Palestina. Mapatano ya mafuta na ulinzi yalijengeka taratibu, yakatikiswa na vikwazo vya mafuta ambavyo nchi za Kiarabu ziliiwekea Marekani mwaka 1973, kisha yakathibitishwa mwaka 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait na Marekani ikapeleka mamia ya maelfu ya askari.

Sasa China na Urusi zimeingia vipi?

Mlango haukufunguliwa jana. Mwaka 1988 iligundulika kwamba Saudi Arabia ilinunua kwa siri makombora ya masafa marefu kutoka China, wakati nchi hizo mbili hazikuwa hata na mabalozi. Uhusiano wa kibalozi ulianza 1990. Leo China ndiye mnunuzi wake mkubwa wa mafuta.

Kwa maoni yangu, siku iliyobadilisha hesabu ni 14 Septemba 2019. Droni na makombora yalipiga mitambo ya Abqaiq na Khurais, na karibu nusu ya uzalishaji wa ufalme, mapipa yapatayo milioni 5.7 kwa siku, ikasimama. Wahouthi wa Yemen walidai wao ndio waliofanya. Marekani na Saudi Arabia ziliilaumu Iran, nayo ikakana. Riyadh ilingoja kuona mlinzi wake atafanya nini. Washington haikujibu kwa mashambulizi. Tangu hapo watawala wa Saudi Arabia wameishi wakijua kwamba ahadi ya ulinzi ina mipaka yake.

Kwa mtazamo huo, matukio ya mwaka 2022 yanaeleweka. Julai, Rais Biden alikwenda Jeddah akitaka mafuta zaidi sokoni. Oktoba, Saudi Arabia pamoja na Urusi na washirika wao wa OPEC+, umoja wa nchi zinazouza mafuta, walitangaza kupunguza mapipa milioni 2 kwa siku, Washington ikakasirika. Mwezi huohuo, Saudi Arabia ilipiga kura Umoja wa Mataifa kuipinga Urusi kujitwalia majimbo ya Ukraine, na ikaiahidi Ukraine msaada wa dola milioni 400. Machi 2023 ikarudisha uhusiano na Iran, kwa mapatano yaliyotangazwa Beijing. Hakuna mkubwa aliyepewa kila alichotaka, na hakuna aliyefungiwa mlango.

Mshika mbili moja haimponyoki?

Hatari ipo. Ndege zake za kivita na mifumo yake ya kujilinda angani hutegemea sana vipuri na mafundi wa Marekani, na riyali imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu 1986. Jeshi halibadilishwi kwa siku moja. Mkataba wa ulinzi uliosainiwa na Pakistan Septemba 2025 unaonyesha kwamba Riyadh inatafuta nguzo nyingine bila kuing'oa ya kwanza.

Lakini upatanishi wa wakubwa usitufumbe macho. Ufalme huohuo uliingia vitani Yemen Machi 2015. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 watu 377,000 walikuwa wamekufa kutokana na vita hivyo, wengi wao kwa njaa, maradhi na kukosa huduma. Oktoba 2018 mwandishi wa habari Jamal Khashoggi, mkosoaji wa watawala wa ufalme huo, aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul. Miaka michache baadaye viongozi walewale waliolaani mauaji hayo walikuwa wakipeana mikono na mrithi wa kiti cha ufalme, Mwanamfalme Mohammed bin Salman. Nguvu ya mafuta imewanunulia watawala msamaha ambao familia za waliokufa hazikuulizwa.

Sisi inatuhusu nini?

Kwanza, bei. OPEC+ ikikata uzalishaji, athari hufika kwetu kwenye bei kikomo ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, huzitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwenye tangazo la EPRA, mdhibiti wa Kenya, kila tarehe 14. Machi 2023 Kenya iliingia mkataba wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka Aramco na kampuni mbili za Falme za Kiarabu, kwa sababu dola zilikuwa zimeadimika nchini.

Pili, vita vya Sudan. Mei 2023 Jeddah iliwaleta pamoja wawakilishi wa majenerali wanaopigana, ikapatikana hati ya kulinda raia. Mapigano hayakusimama.

Tatu, na hili ndilo linalogusa nyumba nyingi, ni wafanyakazi. Mageuzi yaliyoanza Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kuhama mwajiri bila ridhaa yake, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa, na wengi wa dada zetu huko wanafanya kazi hiyohiyo. Serikali zetu huenda Riyadh kila moja na karatasi yake. Zikienda pamoja, zitasikilizwa zaidi. Wakati hilo likisubiriwa, anayeondoka apitie kwa wakala aliyesajiliwa, aache nyumbani nakala ya pasipoti na ya mkataba, na awe na namba ya ubalozi wake kabla ya kupanda ndege.