SOMO LA ROBO HII: Nani Aliuliza, na Aliulizaje?

Neno la kusoma: 1 Wafalme 12:1–19

Katika somo hili tunajifunza namna ya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu serikali yao na sera zake. Ofisi yetu ya miradi huwauliza watu maoni kila mara, na viongozi wa vikundi wamekuwa wakituuliza, kwa haki kabisa, maoni hayo huenda wapi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2018 tulipita nyumba kwa nyumba katika kata ya Mafiga, hapa Manispaa ya Morogoro, tukiuliza kuhusu elimu bila malipo. Sera hiyo ilianza kutekelezwa Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Swali letu lilikuwa fupi: "Je, unaridhika na elimu bila malipo?" Aliyetuongoza mitaani alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee mcheshi aliyejua kila mlango. Karibu kila mzazi alisema anaridhika. Nikaandika taarifa, ikapigwa muhuri, ikaenda.

Wiki chache baadaye nilikaa kula kwa mama lishe mmoja ambaye nilikuwa nimemhoji. Bila daftari mkononi nikamuuliza mwezi uliopita alitoa nini shuleni kwa ajili ya mtoto wake. Akahesabu kwa vidole: uji, mlinzi, karatasi za mtihani, masomo ya ziada. Nikasema, "Mama, mbona siku ile ulisema unaridhika?" Akanijibu huku akipakua maharage: "Mtumishi, uliniuliza kama naridhika. Ada silipi, naridhika. Hukuniuliza natoa nini. Halafu ulikuja na balozi."

Ili kumwelewa mama huyu inafaa kukumbuka kwamba Januari mwaka ule ule Rais John Magufuli alikuwa amepiga marufuku michango mashuleni. Kila mzazi alijua kwamba mwalimu mkuu akitajwa, atawajibishwa. Na mwalimu huyo alikuwa akiendesha shule kwa ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake haikufika shuleni kwa kuwa ilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Wazazi walikuwa wanamkinga mwalimu wao. Mimi nikaandika kwamba wameridhika.

Mama lishe hakusema uongo. Alikuwa na maoni mawili, yote ya kweli: anaipenda sera, na mzigo bado anaubeba. Swali langu lilikuwa na nafasi ya jibu moja tu.

Mfalme aliyeuliza watu wasiohusika

Tukifungua 1 Wafalme 12 tunakuta Israeli wote wamekusanyika Shekemu kumfanya Rehoboamu kuwa mfalme. Hawakuja kumpinga. Walikuja na ombi moja la sera: mzigo wa kazi na kodi ambao Sulemani aliwatwika upunguzwe, nao watamtumikia. Rehoboamu akaomba siku 3. Akawauliza wazee, kisha akawauliza vijana waliokua pamoja naye ikulu. Tunapolihubiri somo hili huwa tunawalaumu vijana kwa ushauri mbaya, na ni kweli ulikuwa mbaya. Lakini angalieni kwamba katika siku zote 3 hakuna mahali panaposema kwamba mfalme alirudi kwa waliobeba mzigo na kuwauliza mzigo huo unawaumiza wapi. Alitafuta maoni kuhusu watu, kwa watu wengine.

Na baada ya kuwajibu kwa ukali, alimtuma kwao nani? Adoramu, msimamizi wa kazi za lazima. Mtu yule yule aliyekuwa sura ya malalamiko yao. Wakampiga kwa mawe akafa, na ufalme ukagawanyika. Najiuliza kama mfalme alikuwa na habari yoyote kuhusu jinsi watu walivyomwona Adoramu.

Matuta ya Uluguru

Hatuna haja ya kwenda Shekemu kutafuta mfano. Tukisimama Mafiga na kutazama juu tunaiona milima ya Uluguru, na habari ya mwaka 1955 wazee wa huko wameirithisha kwa watoto wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru ili kuzuia mmomonyoko. Wakulima wakatakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Lengo lenyewe halikuwa baya, maana udongo ulikuwa kweli unaondoka.

Lakini Waluguru walikuwa na maoni yao, tena ya kitaalamu. Udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba tuta la ngazi, unaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka, na watu wakahofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Mikutano ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kutangaza amri. Watawala wa jadi waliokuwa daraja kati ya watu na serikali ndio hao hao waliosimamia amri. Mwaka 1955 hasira ikalipuka, polisi wakatumia nguvu, mtu akapoteza maisha, na mpango wa matuta ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio mengi milimani.

Serikali ile ilikuwa na maofisa wa kilimo, ramani na vipimo vya mvua. Kipimo cha maoni ya mkulima hakikuwemo.

Asilimia 77 na asilimia 21

Upo mfano mwingine wa nyumbani, na huu unatia moyo. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni: Tanzania iendelee na chama kimoja au iwe na vyama vingi? Taarifa ilipotoka mwaka 1992 ilionyesha kwamba asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Tume ikapendekeza vyama vingi.

Kwa nini? Kwa sababu walisoma majibu yenyewe, hawakuishia kwenye jumla. Wengi waliosema chama kimoja kiendelee waliongeza kwamba lazima kibadilike, wakataja mambo ambayo chama kimoja kisingeweza kuyatimiza na kubaki kama kilivyokuwa. Zanzibar waliotaka mageuzi walikuwa sehemu kubwa zaidi kuliko Bara. Tena Mtanzania mmoja kati ya watano si wa kupuuzwa. Katiba ikabadilishwa mwaka 1992, na mwaka 1995 tukapiga kura ya vyama vingi. Wapo hadi leo wanaosema Tume ilidharau wengi. Mimi naona iliwasikiliza kuliko wao wenyewe walivyotegemea.

Jinsi kura ya maoni inavyofanyika

Watu huuliza: watu 1,200 au 2,400 wanawezaje kusemea mamilioni? Mama anayepika mchuzi wa harusi haonji sufuria nzima. Anakoroga vizuri, anaonja kijiko kimoja. Siri iko kwenye kukoroga, yaani kuchagua watu kwa bahati nasibu toka mijini na vijijini, wanawake na wanaume. Ukifanya hivyo, watu 1,200 hukupa jibu lenye uwezekano wa kukosea kwa takribani asilimia 3 juu au chini. Usipokoroga, hata watu 50,000 hawakusaidii. Ukihoji vijana wa bodaboda wa stendi ya Msamvu peke yao, umepata maoni ya stendi.

Afrobarometer, ambayo hapa nchini hufanya kazi na taasisi ya REPOA, ina swali moja ninalolipenda sana. Mwishoni mwa mahojiano humuuliza mwananchi: unadhani nani ametutuma? Wapo wanaojibu kwamba ni serikali, ingawa wameshaelezwa kuwa sivyo. Majibu yao yote ya nyuma inabidi yasomwe ukikumbuka hilo. Ningeliuliza swali hilo Mafiga mwaka 2018, ningejifunza mapema.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Julai, shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi. Yalionyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 55 mwaka 2018. Mjadala haukuhusu kwa nini watu walibadili mawazo. COSTECH ilihoji kibali cha utafiti, na baadaye pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wa shirika ikashikiliwa. Sheria ya Takwimu ikakazwa mwaka ule, kisha ikalegezwa mwaka 2019. Mwananchi aliyeyaona hayo alijifunza nini kuhusu kujibu maswali? Hata asilimia 55 nayo inabidi isomwe kwa tahadhari, kwa sababu ile ile ya balozi wangu.

Na sasa tuna jambo gumu zaidi. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na maandamano, vurugu, vifo na kuzimwa kwa intaneti, huku matokeo yaliyotangazwa yakimpa mshindi zaidi ya asilimia 97. Novemba 2025 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nilipotaja tu neno siasa katika kikao cha kikundi kimoja baada ya hapo, kikao kilinyamaza na mtu akaomba tufunge kwa sala. Katika daftari langu sikuandika "hawana maoni". Niliandika: "wamenyamaza".

Zoezi kwa vikundi

Someni 1 Wafalme 12:1–19 kwa sauti, kisha mzungumze: kama Rehoboamu angerudi kwa watu siku ya pili, angeuliza swali gani?

Halafu chagueni huduma moja ambayo kila mwanakikundi anaitumia, iwe maji, zahanati au shule. Msiulize "unaridhika?" Ulizeni mara ya mwisho ulikwenda lini, ulisubiri muda gani, ulitoa nini. Anayeuliza asiwe mwenyekiti wala mtunza hazina. Kwa vikundi vya VICOBA hili ni la muhimu sana, kwani anayedaiwa mkopo hamjibu mweka hazina kama anavyomjibu jirani.

Majibu yaandikwe bila majina na yaletwe ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo. Kwanza yasomwe mbele ya waliojibu, waseme kama ndivyo walivyosema.