Kupima Hatari Kabla ya Kuikaribia: Funzo kwa Waokoaji

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Msiba wa namna hiyo ulikwisha kutokea Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010. Je, mwokoaji afikapo mahali kama hapo aanze na nini?

Katika lugha ya kila siku neno hatari hubeba maana mbili. Ya kwanza ni ubaya wa kitu chenyewe. Ya pili ni kadiri ya hatari, yaani uwezekano wa ajali kuzidishwa kwa ukubwa wa madhara yake. Petroli iliyo tangini na ile iliyo mtaroni ni kitu kimoja, lakini kadiri ya hatari yake si moja.

Petroli hutoa mvuke uwezao kushika moto hata penye baridi ya barafu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo hutambaa mitaroni na mabondeni. Huwaka unapokuwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Hauonekani kwa urahisi, na cheche iliyo mbali yaweza kuurudisha moto mpaka kwenye tangi.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba kila anayekaribia huongeza uwezekano wa cheche kwa kiasi kile kile: huyu ana pikipiki, yule ana sigara. Watu 10 wakiwa 20, uwezekano huwa mara 2. Watakaodhurika nao huwa mara 2. Kadiri ya hatari basi huwa mara 4! Hivyo kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu. Mwongozo wa dharura utumikao Amerika ya Kaskazini hutaka nafasi ya meta 50 kila upande petroli ikimwagika, na meta 800 tangi likishika moto.

Mkufunzi atumie maji badala ya petroli, ayamwage penye mteremko, kisha awaulize wanafunzi wakiwa mbali, upande unakotoka upepo:

1. Ni kitu gani? (Namba 1203 ya Umoja wa Mataifa ni petroli.)
2. Mvuke utaelekea wapi?
3. Nani wako karibu?
4. Nini chaweza kutoa cheche?

Kila mwanafunzi atoe alama 1 hadi 5 kwa uwezekano, na 1 hadi 5 kwa madhara, kisha azidishe. Upepo ukigeuka au watu wakiongezeka, apime upya.

Mwanafunzi aliyefunzwa ujasiri peke yake huenda akawa majeruhi wa kwanza. Aliyezoea kupima atajua wakati wa kusogea na wakati wa kusimama, naye atarudi nyumbani pamoja na wale aliowaokoa.