Halua, Samli na Nyirinyiri: Maswali kutoka Jikoni Tarbaj

Tarbaj iko njia ya Wajir kwenda Kutulo na El Wak. Ni nchi ya ngamia, jua na majiko ya kuni, na mapishi yake ya nyumbani yameumbwa na vitu hivyo vitatu.

Eddo (yaani shangazi), halua yangu ikilala usiku mmoja inatoa chengachenga za sukari. Nakosea wapi?

Kwenye shira, mwanangu. Weka vikombe 4 vya sukari na 3 vya maji, na sukari iyeyuke yote kabla ya kuchemka. Kamulia nusu ndimu: ukali wake unaivunja sukari kiasi, isiweze kugandamana tena. Punje zilizonata kandokando ya sufuria zifute kwa maji, kwani punje moja ikianguka ndani huwaita wenzake.

Kikombe 1 cha kornflawa kikoroge kwa maji baridi. Ya moto yatakupa madonge tu. Mimina kwenye shira bila kuacha kukoroga, kisha moto uwe wa kadiri. Kazi sasa ndiyo inaanza. Samli huingia kidogo kidogo, na ya pili isitiwe mpaka ya kwanza inywewe. Utafika wakati halua itaikataa samli, itaitema pembeni na kujibandua sufuriani. Hapo tia hiliki, kungumanga na njugu, uipue. Hesabu saa nzima, pengine zaidi, na tafuta mtu wa kupokezana naye mwiko. Anayekuahidi halua ya dakika ishirini anakupikia uji.

Nina maziwa mengi ya ngamia. Siwezi kutoa samli yangu mwenyewe?

Utatikisa kibuyu mpaka mkono ukuume. Mafuta ya maziwa ya ngamia yako katika vijichembe vidogo mno, hayapandi juu wala kushikana upesi kama ya ng'ombe. Kwa samli tafuta maziwa ya ng'ombe au mbuzi. Ya ngamia yatie kwenye chai, au yaache yachachuke ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi.

Ndugu yangu anasoma Poland. Kaleta halua ya huko, ni kavu, inavunjika mkononi. Imeharibika?

Haijaharibika. Ile hutengenezwa kwa ufuta uliosagwa na sukari iliyopikwa, kama ya Uturuki. Yetu ni ya wanga na samli, ndugu wa ile ya Oman, Zanzibar na Lamu. Tofauti ni kwamba Zanzibar huiteremsha kwa kahawa chungu, nasi tunaisindikiza na chai ya maziwa yenye sukari tele. Kwa hiyo katakata vipande vidogo.

Sukari inaletwa na lori, kornflawa pia. Kweli hiki ni chakula cha asili?

Nimeulizwa hili mara nyingi na vijana, kwa sauti ya kutaka kunishinda. Harusi au Idi isiyo na halua itasemwa mwaka mzima, na hiyo kwangu inatosha kuifanya yetu. Lakini nikibanwa sana, nitasema ujuzi wa zamani zaidi wa jikoni kwetu si utamu. Ni kuhifadhi kitu ndani ya mafuta.

Basi tueleze nyirinyiri. Hatuna friji.

Friji ya nini? Chagua nyama ya ngamia isiyo na mafuta, ichane vipande virefu vyembamba, uianike mpaka ikauke. Ikate vidogo sana, kisha ikaange polepole hadi mafuta yaache kulia. Mlio ule ni maji yanayotoka, na maji ndiyo adui. Tia hiliki. Ipoe, uipakie kwenye chombo kikavu, na samli iifunike yote. Kila ukichota, tumia kijiko kikavu, usawazishe juu ili pasibaki nyama iliyo wazi. Itakaa miezi.

Hargeisa nyama hiyohiyo huingia kwenye zawadi ya harusi iitwayo *xeedho*: hufunikwa kwa tende zilizopondwa, ikawekwa ndani ya chombo kilichovishwa nguo na kufungwa kamba kwa mafundo ya kuhangaisha. Jamaa za bwana harusi hutakiwa wayafungue mbele ya watu, bila kukata kamba. Wanaoshindwa hutozwa faini, na wanawake ndio mahakimu.