SOMO LA 31: SAFARI YA NGOME YA HIMEJI

Katika nchi ya Japani kuna mji uitwao Himeji. Katikati ya mji huo kuna kilima kidogo, na juu ya kilima imesimama ngome nyeupe. Ngome ni nyumba kubwa yenye kuta za nguvu, iliyojengwa ili kuzuia adui. Wenyeji huiita Ngome ya Yangeyange, kwa sababu weupe wake na mapaa yake yaliyotanda hufanana na yangeyange anayetaka kuruka.

Kutoka Osaka, mji mkubwa wa biashara, mpaka Himeji ni kadiri ya kilometa 88. Mtu aweza kwenda asubuhi kwa treni na kurudi jioni. Lakini safari ni feza, na feza kidogo yapasa kuhesabiwa kabla ya kutoka nyumbani. Tusome habari za jamaa moja ya Osaka, jinsi walivyohesabu mwaka 2015.

1. Feza ya mkebe

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa na watoto wawili: kijana wa miaka 11, na dada yake mdogo wa miaka 9. Mnara mkubwa wa ngome ulikuwa umefungwa karibu miaka mitano kwa kutengenezwa. Tarehe 27 Machi 2015 ulifunguliwa tena. Watoto wakasema: «Baba, twende!»

Baba akajibu: «Tutakwenda, lakini kwa feza tuliyo nayo.»

Mwaka mzima alikuwa akitia yeni 1000 katika mkebe kila mwezi. (Yeni ndiyo feza ya Japani.) Jioni ile akauweka mkebe mezani, wakahesabu pamoja: yeni 12 000. Kisha akampa kijana karatasi na kalamu, akamwambia: «Wewe ndiwe karani wa safari.»

Kijana akafurahi, akasema: «Twende kwa Shinkansen!» Shinkansen ni treni ya mbio sana. Hufika Himeji kwa nusu saa tu.

«Vema, andika,» akasema baba. «Mtu mzima hulipa zaidi ya yeni 3000 kwa kwenda tu. Mtoto hulipa nusu.»

Kijana akaandika: 3000 na 1500 na 1500, jumla 6000. Kwenda na kurudi, 12 000. Akaitazama karatasi yake, akanyamaza.

«Mkebe umekwisha,» akasema baba, «na mlangoni pa ngome hatujalipa. Tungefika upesi sana, tukasimama nje.»

Ikabaki treni nyingine, ya watu wa kila siku. Hiyo huchukua saa moja na dakika chache. Nauli ya mtu mzima ilikuwa yeni 1490, na ya mtoto 740. Kijana akaandika tena:

Treni, watu watatu, kwenda: 1490 + 740 + 740 = 2970
Kwenda na kurudi: 5940
Mlangoni pa ngome: 1000 + 300 + 300 = 1600
Jumla: 7540
Feza inayobaki: 4460

«Inabaki nyingi!» wakapiga kelele watoto. Mdogo akataka kula hotelini. Kijana akataka upanga wa mti, kama zile zinazouzwa kwa watoto karibu na ngome.

Baba akangoja wanyamaze. Ndipo aliposema: «Wanangu, nyanya yenu alizaliwa Himeji. Sasa ana miaka 78, na tangu mnara ulipofungwa hajarudi kuutazama. Mkitaka, aje nasi. Mkitaka, kuleni hotelini na kununua upanga. Yote mawili hatuwezi. Andikeni kwanza, kisha mseme.»

Kijana akaandika: treni ya nyanya 2980, mlango wake 1000, jumla 3980. Katika mkebe zingebaki yeni 480 tu.

«Hizo hazitoshi kulisha watu wanne,» akasema.

«Tutachukua chakula cha nyumbani,» akajibu mdogo wake.

Kijana alikawia kidogo, maana aliufikiri ule upanga. Kisha akaandika polepole chini ya karatasi: Watu wanne.

2. Njiani

Usiku ule mama, aliyekuwa na kazi siku ya safari, alipika wali akaufinyanga kuwa matonge, akatia chai katika chupa. Saa moja ya asubuhi wale wanne walikuwa wamekwisha kuingia katika treni. Waliondoka mapema kwa sababu mwaka ule watu walikuwa wengi mno. Kwa siku moja watu 15 000 tu waliruhusiwa kupanda mnara mkubwa. Aliyechelewa aliweza kukosa nafasi.

Treni ikapita mji wa Kobe, kisha ikaenda kando ya bahari. Watoto wakaona daraja la Akashi, lililofunguliwa mwaka 1998, refu karibu kilometa 4. «Katika Shinkansen tusingaliona hili vizuri,» akasema baba, «kwani pale karibu njia yake yapita ndani ya milima.»

Walipotoka katika kituo cha Himeji, waliona ngome mbele yao, mwisho wa barabara iliyonyoka. Ni kadiri ya kilometa moja. Hawakulipa gari, walikwenda kwa miguu, wakifuata mwendo wa nyanya.

3. Ngomeni

Bwana mmoja mkubwa, jina lake Ikeda Terumasa, ndiye aliyejenga mnara huu mkubwa, tangu mwaka 1601 hata mwaka 1609. Kuta zake zimepakwa chokaa nyeupe, kwani chokaa huzuia moto. Njia ya kuingilia hupindapinda na milango ni myembamba, ili adui apotee na kuchoka. Katika kuta kuna matundu, mengine ya duara, mengine ya pembe tatu, ya kupigia mishale na bunduki.

Karibu na ukuta mmoja wa mawe nyanya akasimama. Akawaonyesha jiwe moja lililofunikwa kwa wavu wa chuma.

«Hili ni jiwe la kusagia,» akasema. «Wazee husimulia kwamba zamani, kabla ya Ikeda, bwana Hideyoshi alikuwa akijenga hapa, naye alipungukiwa mawe. Bibi kizee mmoja maskini akaleta jiwe lake la kusagia. Watu waliposikia, wakaona haya, wakaleta mawe yao, na kazi ikaendelea.»

Yule mdogo akauliza: «Alileta jiwe moja tu?»

«Moja tu, mjukuu wangu. Lakini ndilo alilokuwa nalo.»

Ndani ya mnara kila mtu huvua viatu na kuvichukua mkononi. Ngazi ni za mti, nazo ni kali. Kijana alivichukua viatu vya nyanya pamoja na vyake, na baba alimshika mkono. Walipumzika mara nyingi, lakini walifika juu kabisa, orofa ya sita. Kutoka pale waliona mji wote.

Nyanya akatazama sana, kisha akasema: «Mwaka 1945, wakati wa vita, nilikuwa na miaka 8. Ngome hii ilikuwa imefunikwa kwa nyavu nyeusi, ili ndege za vita zisiuone weupe wake. Usiku wa tarehe 3 Julai zilikuja, zikamwaga moto juu ya mji. Tulikimbia mashambani. Asubuhi nyumba yetu haikuwako, wala nyumba za jirani. Nilifikiri hakuna kitu kilichobaki. Mama yangu akanigeuza, akasema: Tazama. Ngome ilikuwa imesimama.»

Kijana hakusema neno. Aliutazama mji mpya, wenye nyumba nyingi hata kituo cha treni, akajaribu kuuona kama alivyouona nyanya.

Walikula matonge yao chini ya miti, nje ya ngome. Walipofika nyumbani jioni, kijana alizitoa zile yeni 480 na kuzitia tena katika mkebe.

«Ni za nini?» akauliza mama.

«Za safari ya mwaka ujao,» akajibu karani.

Watoto, haba na haba hujaza kibaba. Mwenye feza kidogo asikate tamaa. Ahesabu kwanza, achague lililo bora, ndipo ashike njia.

Maneno

*Karani*: mtu wa kuandika hesabu na barua.
*Nauli*: feza ya kulipia safari.
*Tonge*: chakula kilichofinyangwa kwa mkono.
*Yangeyange*: ndege mweupe mwenye miguu mirefu.

Maswali

1. Kwa nini jamaa hii haikupanda Shinkansen?
2. Watoto waliacha vitu gani ili nyanya aje?
3. Bibi kizee wa zamani alitoa nini? Watu wengine walifanya nini waliposikia?
4. Kwa nini kuta za ngome zilipakwa chokaa?
5. Nyanya aliona nini asubuhi ile ya mwaka 1945? Kama asingalikuja, watoto wangalikosa nini?

Hesabu

Bei za somo hili ni za mwaka 2015. Tangu hapo zimebadilika. Kwa bei hizo hizo, hesabu: mama naye angalikwenda, jumla ingalikuwa yeni ngapi? Baba angalipaswa kutia yeni 1000 katika mkebe kwa miezi mingapi?