Rafiki akisema "nina mawazo"

Huku Kabambare, kusini mwa Maniema, si kawaida mtu kumwambia mwenzake kwamba ana mfadhaiko. Husema tu, "nina mawazo". Mara nyingi hasemi hata hilo. Anaeleza kwamba kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, tumbo linawaka na usingizi umekimbia. Ananunua dawa ya malaria kwenye farmasi, anameza, siku tatu zinapita na hali ni ile ile. Jirani mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni uvivu wa kwenda shamba.

Katika makala hii tunaangalia jinsi rafiki wa kawaida, asiye muganga wala muuguzi, anavyoweza kumsaidia mtu wa namna hiyo. Tumeiandika kwa ajili ya vikundi vya amani vya vijijini, lakini hata watu wawili wanaweza kuisoma pamoja chini ya mti.

Hofu yenye sababu

Tuanze na jambo ambalo wageni wanaokuja kufundisha husahau: watu wetu hawaogopi vitu vya kuwaza tu. Wazee wanakumbuka uasi wa Simba wa 1964. Waliozaliwa baadaye wanakumbuka vita vya 1996, na tena vile vya 1998 hadi 2003, walipokimbilia porini na watoto mgongoni. Upande wa Salamabila, penye dhahabu, miaka ya karibuni imekuwa ya mapigano kati ya jeshi na kundi la Mai-Mai Malaika, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi katika mgodi wa Namoya kwa sababu ya usalama. Mgodi ukifungwa, anayeumia si kampuni peke yake. Mama aliyewauzia wafanyakazi mchele na sombe naye anabaki na sufuria zake.

Kwa hiyo mwili unaoshtuka mlango ukigongwa usiku haujaharibika. Umejifunza kulinda. Tatizo ni kwamba hatari inaweza kuondoka na mlinzi wa ndani asiambiwe. Anaendelea kukesha. Moyo unapiga, misuli inakaza, chakula hakishuki, na mtu anagombana na mke wake kwa sababu ya chumvi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa makadirio kwamba, katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka 10, mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo la akili kama vile huzuni nzito, wasiwasi mkali au majeraha ya moyo yanayotokana na mambo aliyoyaona. Hesabu hiyo ina upande wa pili: wanne kati ya watano hawamo humo. Wengi wana mawazo kwa muda, kisha wanapata nafuu wakiwa na usalama kidogo, chakula, na watu wa karibu. Rafiki ni mmoja wa watu hao wa karibu.

Tena jambo hili linagusa amani moja kwa moja. Kijana ambaye hajalala wiki mbili akisikia bunduki ya mwindaji, anapiga kelele kwamba kijiji cha ng'ambo ya mto kimeshambulia. Kabla ya jua kuzama familia 30 ziko njiani na magodoro kichwani, na vijana wengine wameshika mapanga. Vikundi vyetu hutumia siku nyingi kupambana na uvumi. Tungefanya vizuri kuuliza pia ni nani aliyeuanzisha, na alilala saa ngapi.

Maneno yanayofunga mdomo

Tunapoona rafiki ameinamisha kichwa, tuna maneno yetu tayari. "Vumilia." "Acha mawazo." "Shukuru Mungu, wengine walikufa." "Mwanaume halii." Hayasemwi kwa ubaya. Msemaji anataka mwenzake apone haraka, na labda yeye mwenyewe anaogopa kusikia habari yote. Lakini angalia matokeo yake: mwenye shida anajibu "ndiyo", anatabasamu kidogo, na mazungumzo yamekwisha. Anarudi nyumbani na mzigo wake, na juu yake ameongezewa aibu ya kushindwa kuvumilia.

Kule Zimbabwe watu wanaosema Kishona wana neno "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni sawasawa na mawazo yetu ya huku. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Bibi hana dawa. Kwanza anamsaidia mtu "kufungua akili", yaani kusema yaliyomo ndani. Kisha wanachagua pamoja shida moja, moja tu, na kutafuta hatua ndogo ya kuifanyia. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Sisi tunayo mabenchi tayari. Tuna barza, tuna kivuli cha mwembe, tuna mahali pa kutwangia mihogo ambapo akina mama hukaa asubuhi nzima. Kinachokosekana ni zoea la kumwacha mtu aseme mpaka mwisho.

Angalia, sikiliza, unganisha

Mwaka 2011 OMS pamoja na mashirika mengine walitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa kisaikolojia. Mafundisho yake yamejengwa juu ya maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Tuyafuate kwa mfano. Mtu tunayemsema si mmoja; tumechanganya habari za wengi ili asijulikane yeyote.

Ni mchuuzi wa baiskeli, anayebeba mawese na samaki wakavu kati ya Kabambare na Kasongo. Njiani watu wenye silaha walimnyang'anya mzigo wote, na mali ilikuwa ya mkopo. Tangu siku hiyo baiskeli imeegemea ukuta. Anakunywa lutuku tangu asubuhi. Watoto wanamkwepa.

Kuangalia ni kuona hayo bila kuambiwa: baiskeli imelala, haonekani barzani, nguo ni zile zile. Ni pia kuangalia kama mahali pa kuongelea ni salama. Mbele ya wadai wake hataongea. Mdogo wake anamfuata nyuma ya nyumba:

"Yaya, siku hizi sikuoni kwenye barza. Nimekuja tukae."

"Niko tu, mdogo wangu."

"Uko namna gani kweli?"

Kimya. Mdogo mtu hajazi kile kimya kwa maneno. Anamenya karanga.

"Usingizi hauji. Nikifunga macho naona tu ile njia."

"Usiku ndiyo inakuwa ngumu zaidi?"

"Usiku. Na nikimwona yule mama wa mkopo."

Mdogo huyu amefanya kazi ndogo sana kwa macho ya mtu wa mbali: ameuliza, amenyamaza, ameuliza tena kwa kutumia maneno ya mwenzake. Lakini sasa tunajua kwamba shida ni mbili, njia na deni. Hakuuliza watu wale walikuwa wangapi, walivaa nini, walimfanyia nini. Akitaka kueleza, ataeleza. Asipotaka, aachwe. Hapa tuna maoni makali kidogo. Tumeona semina za siku tatu ambapo watu huombwa kusimulia mateso yao mbele ya ukumbi, wanalia, wanapewa soda, na gari linaondoka. Kitabu tulichokitaja kinaonya wazi kwamba mtu asilazimishwe kusimulia. Kufungua jeraha ambalo hutabaki kulifunga si msaada.

Kama rafiki anatetemeka, au pumzi inamkatika wakati anaongea, mrudishe taratibu mahali mlipo. Aweke miguu chini aisikie ardhi. Ataje vitu vitatu anavyoviona: jogoo, ndoo, mnazi. Avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe polepole zaidi. Pumua naye pamoja. Usimwamuru kama sajini.

Kuunganisha ndiko watu wa Kabambare tunakojua zaidi, maana sisi husaidia kwa mikono. Kikundi cha likilimba, kinacholima mashamba ya wanachama kwa zamu, kinaweza kuanza na shamba lake la mpunga wiki hii hata kama zamu yake bado. Mzee anayeheshimiwa anaweza kwenda naye kwa mama wa mkopo, wapange kulipa kidogo kidogo. Mtu mwingine apande naye baiskeli safari ya kwanza, hata kama ni mpaka kijiji cha pili tu, kama barabara siku hiyo ina usalama. Wengi hupata nguvu kwa imamu au kwa mchungaji wao. Mpeleke huko kama yeye mwenyewe anataka, si kwa sababu wewe ndiwe unaamini. Lakini yule anayesema shetani yuko ndani yake, afungwe kamba na anyimwe chakula, huyo usimpelekee rafiki yako.

Kuhusu lutuku, usianze nayo. Mtu akinyang'anywa chupa kabla ya kupata kitu kingine cha kushika, atakuona wewe kama bariere nyingine ya njiani. Vilevile zile tembe za usingizi zinazouzwa sokoni bila karatasi ya daktari: zinamfanya mtu azizoee, na zikichanganywa na pombe zinaweza kumwua. Hili mwambie wazi, bila hasira.

Siri, na pale siri inapokwisha

Alichokuambia rafiki ni chake. Usikipeleke kwa mke wako, usikiombee kwa sauti mbele ya watu, usikitumie kama mfano katika mkutano wa kikundi. Katika kijiji cha nyumba 80 hata ukibadili jina, kila mtu anajua.

Siri ina mipaka yake, na ni vizuri rafiki ajue mapema. Kama anasema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, muulize wazi: "Unafikiri kujiua?" Wengi wetu tunaogopa neno hilo, tukidhani tutamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Kuuliza hakupandi mbegu. Mara nyingi mtu anapumua kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za wadudu, kamba, silaha, na mtafute mtu wa pili mnayemwamini wote wawili, kisha muuguzi. Ni vivyo hivyo kwa anayesema kwamba anajua nani alimsaliti na atamkata. Huyo naye hajalala, na hapa kazi ya rafiki na kazi ya amani ni moja.

Jambo la pili lisilongoja ni ubakaji. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), ambao wamefanya kazi Salamabila, wamewatibu huko wengi waliofanyiwa ukatili huo. Mama au msichana akikuambia, wewe kama rafiki usianze kuuliza alikuwa anakwenda wapi. Mwamini, na mweleze kuhusu saa. Dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza kabla saa 72 hazijapita, na ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Nenda naye akikubali, mtoe visingizio njiani ikihitajika. Zikiwa zimepita, bado aende. Kuna matibabu mengine. Wanaume pia hufanyiwa, na husema kidogo zaidi.

Wengine watahitaji zaidi ya rafiki: anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyekula kabisa, ambaye baada ya wiki nyingi bado hawezi kulima wala kulea. Anzia kituo cha afya. Tangu 2008 OMS ina mpango wa kufundisha wauguzi wa kawaida kutibu magonjwa ya akili, ingawa si kila kituo kina mtu aliyefundishwa. Hospitali kubwa ya magonjwa ya akili mashariki mwa nchi ni SOSAME ya Bukavu, mbali sana na huku, na familia hazina nauli. Ndiyo maana tunasisitiza kumwona muuguzi mapema, kabla safari ya Bukavu haijawa njia pekee.

Na wewe msikilizaji? Ukianza kuota ndoto za mwenzako, tafuta na wewe wa kukusikiliza. Kikundi kipange watu wawili kwa kila rafiki, wapeane zamu kama katika likilimba.

Zoezi kwa kikundi

Kaeni wawili wawili. Mmoja aeleze shida ndogo ya wiki hii, kama vile mbuzi aliyepotea. Shida kubwa zisitumike katika mazoezi. Mwingine asikilize kwa dakika tano bila kutoa shauri, bila kusema "hata mimi". Halafu badilishaneni. Kisha mjadili pamoja:

Ilikuwa ngumu wapi kunyamaza?

Ni maneno gani ya faraja tunayoyasema hapa kwetu, na yapi kati yake humfunga mtu mdomo?

Mtu akihitaji msaada usiku huu, muuguzi wa karibu anaishi wapi, nani katika kijiji ana pikipiki, na pesa ya mafuta itatoka kwa nani?